Shosho Hakutaka Hodi

Ukienda kwa Shosho, nyanya yetu sote, ukapiga hodi, hakuitikii. Alikuwa anakaa kimya huko ndani, nawe umesimama kwenye korido ya jengo lile la Murabba, Riyadh, jasho linakutiririka chini ya abaya, mpaka uchoke mwenyewe. Ukimuuliza baadaye kwa nini hakuitika, anakwambia, "Nilikuwa nakungoja uingie." Mchana mlango wake haukufungwa. Komeo alilitoa kwa bisibisi siku aliyohamia, na mwenye kusimamia jengo, Myemeni mmoja mpole, aligomba wiki nzima kisha akamwachia Mungu.

Sisi tuliofundishwa kusimama mlangoni, kuita na kungoja "karibu", jambo hilo lilitusumbua kuliko joto. Mimi natoka Machakos. Kwetu, kuingia nyumba ya mtu mzima bila hodi ni kumtukana. Lakini Shosho alikuwa amekata shauri kitambo.

"Hodi ni ya wageni," aliniambia. "Wewe umeniachia mtoto, wewe si mgeni. Ukisema hodi unanipa dakika ya kuficha. Mimi sitaki hiyo dakika. Usinipe."

Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa wanawake kama mimi, Wakenya na Waganda tuliozaa Riyadh bila cheti cha ndoa. Hakuna cheti cha ndoa, kwa hiyo mtoto hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hawezi kupanda ndege, kwa hiyo umekwama naye. Baba ya Mwende wangu alikuwa dereva wa lori. Alienda kwao Kakamega likizo, na likizo yake haijaisha mpaka leo. Mimi nilikuwa nasafisha ofisi upande wa Batha na mtoto lazima akae mahali. Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa Shosho, na kila mmoja aliniambia nijikaze, mama wa watu ni mzuri lakini ana hadithi.

Siku ya kwanza hata hakuuliza jina la mtoto. Alinikalisha kwenye godoro, akanipa chai ya maziwa katika kikombe chembamba chenye maua, akaanza kunisimulia habari za Uingereza ya zamani, enzi za yule malkia mjane aliyevaa nyeusi miaka yake yote. Zamani hizo, alisema, msichana wa kazi akizaa bila mume anafukuzwa. Sasa anatafuta mama wa kumlelea mtoto ili apate kurudi kazini. Magazeti yamejaa matangazo: mama mcha Mungu, nyumba yenye hewa safi, anapenda watoto kupita kiasi. Msichana anampeleka mtoto, analia kidogo mlangoni, anaondoka. Na yule mama mcha Mungu ana chupa ya dawa tamu iliyotiwa afyuni. Mtoto akinyweshwa halii, hali, hadai maziwa. Analala tu mpaka anakwisha, na daktari anaandika kwamba alikuwa dhaifu.

"Wengine hawakuwa na hata subira hiyo," Shosho akaendelea, huku anamchambulia mtoto mwingine nywele. "Kuna mmoja alikuwa anawafunga utepe mweupe wa kushonea shingoni. Akawafunika kwa karatasi, akawatupa mtoni. Alikamatwa kwa sababu karatasi moja ilibaki na anwani."

Nilikuwa nimemkumbatia Mwende mpaka akaanza kulia.

"Na wote hao," alisema, "walikuwa na sura kama yangu. Sura ya nyanya. Sasa niambie, huyu utamwacha hapa?"

Nilimuuliza, "Shosho, kwani unaniambia haya yote ya nini?" Sauti yangu ilitoka na hasira. Yeye akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Wale wanaotikisa kichwa wakasema pole, siwachukui watoto wao. Wewe umekasirika. Mlete kesho alfajiri. Na uje wakati wowote unaotaka, lakini usinipigie simu kwanza."

Basi amani yangu ikaishia hapo. Nikipiga deki nawaza chupa. Nikipangusa meza za watu nawaza utepe. Wenzangu wakienda kula mimi navuka barabara mbio na sare ya kazi, napanda ngazi za lile jengo, nasukuma mlango na moyo uko mdomoni, namkuta Mwende amepaka uji kichwani na Shosho anamkemea. Hapo napumua. Nikirudi kazini, kabla sijashika ufagio, inaanza tena.

Hadithi hizo alizitoa Nairobi. Ujanani alikuwa mpishi na kila kitu katika nyumba ya mjane mmoja wa Kiingereza aliyeharibika macho. Mjane alikuwa na kabati zima la vitabu vya kesi za mauaji za huko kwao, na kila saa kumi jioni alitaka asomewe. "Alitaka chai na maiti," Shosho alikuwa akisema. "Chai isipokuwa moto ananung'unika. Maiti isipokuwepo ananung'unika zaidi." Alisoma miaka na miaka mpaka zikamkaa kichwani, na alipozileta Riyadh alizigeuza zikae sawa na mahali. Ukungu wa London ukawa vumbi. Siku dhoruba ya mchanga inapofunika mji na huoni jengo la ng'ambo, alikuwa anawaambia watoto, "Leo ndiyo London. Leo ndiyo siku zao."

Watoto walimpenda kwa sababu ya Mrukaji. Huyo alikuwa jitu la usiku lililowatisha wasichana wa London, lenye makucha na pumzi ya moto, likiruka kuta kana kwamba lina springi miguuni. Shosho alikuwa na goti bovu na hakuruka hata kizingiti vizuri, lakini kwa Mrukaji alipanda juu ya godoro, akashika ukuta, akaruka. Mimi nilikuwa naogopa goti lake kuliko Mrukaji. Akimaliza, anakaa chini anahema, anawaeleza kwamba huyo Mrukaji hakuwepo, watu walimtunga tu. "Watu wanapenda kuogopa mtu anayeruka ukuta," alisema. "Anayewaumiza huwa anapita mlangoni."

Mambo yake hayakulingana hata kidogo. Alidharau ushirikina, akamcheka Mganda mmoja aliyemvika mtoto hirizi, lakini hakukubali kitu cha kijani ndani ya chumba. Nilimletea blanketi zuri la kijani alilonipa mwanamke wa ofisini, akalirudisha hata kabla sijalikunjua. Kumbe London ile walipaka kuta karatasi za kijani zilizotengenezwa kwa sumu, na watoto wakafa vitandani huku wazazi wanasifu rangi. Nilimwambia, "Shosho, hili blanketi ni la polyester, limetoka China." Akajibu, "Nao waliambiwa imetoka Paris."

Na aliwasema Waingereza wale vibaya sana, wachafu wa roho, wauaji wa watoto wa maskini, kisha saa kumi ikifika anatandika kitambaa cheupe, anamimina chai kwenye vikombe vyake vya maua na kututolea macho kama hatujakaa wima. Mwaka ule sinema zilifunguliwa Riyadh, mji mzima ukawa hauzungumzi kingine. Wanawake wa ofisini walikuja kazini wanaendesha magari yao wenyewe, wamevaa abaya za rangi ya maziwa. Mama mmoja Mganda alimwalika Shosho twende sote tukaone picha. Alikataa. Alisema yeye ana zake kichwani, na hazina matangazo.

Asubuhi ukimleta mtoto, alikuwa anamvua nguo mbele yako na kumgeuza kila upande, anasema kwa sauti kila alama anayoiona. Kovu la mbu, mguu wa kushoto. Upele, shingoni. Kisha ananusa mdomo wa mtoto. Mara ya kwanza nilichukia, nikamuuliza kama ananishuku mimi mama mzazi.

"Ndiyo," alisema. "Na jioni unifanyie hivyo hivyo."

Sasa nifike kwenye siku ile. Ilikuwa asubuhi, meneja alikuwa amesafiri, nikatoroka mapema kuliko kawaida. Nilipanda ngazi na nilipofika ghorofani sikusikia sauti. Chumba cha watoto wote wale, na hakuna sauti. Nikasukuma mlango. Watoto walikuwa wamelazwa mstari mmoja kwenye mkeka, nguo zimenyooshwa, mikono kifuani, macho yamefumba. Mwende alikuwa wa mwisho. Shosho amekaa kwenye kiti kando yao, ametulia, anawatazama.

Sijui nilipitaje. Nilimnyakua mtoto wangu, nikaweka sikio kifuani mwake, nikamfungua mdomo ninuse. Mwende akanitemea kicheko usoni. Wale wengine wakainuka wote kwa hasira.

"Mwende kila siku anaharibu!" mmoja akalia.

Ulikuwa mchezo, bana. Shosho alikuwa amewasimulia jinsi Waingereza wale walivyowapiga picha watoto wao waliokufa, wamevishwa vizuri, wamekalishwa pamoja na ndugu zao. Kamera za siku hizo zilikuwa za polepole. Aliye hai anatikisika, anatoka ukungu. Aliyekufa ndiye anayetoka safi. Basi watoto wakautunga mchezo wa Picha, atakayetikisika kwanza ameshindwa, na Mwende alikuwa hajashinda hata siku moja.

Nilimfokea yule mama kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu mzima. Nilimwambia hadithi zake zitaniua kabla ya mtoto. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyu wako hawezi kutulia," alisema. "Shukuru. Na huo moyo uliokuruka, usiuzoeshe kukaa chini."

Nilishuka ngazi na mtoto kiunoni, nimeapa sirudi. Ghorofa ya chini palikuwa na mlezi mwingine, dada wa kisasa, mwenye sauti ya asali, anayewatumia mama picha za watoto kwa simu mchana kutwa. Nikasimama mlangoni pake kama mtu mwenye adabu zake, nikapiga hodi. "Karibu, mpenzi," akaitika. "Ngoja kidogo tu." Nikangoja. Nikasikia maji, nikasikia kitu kinaburutwa, nikasikia dirisha linafunguliwa. Kisha mlango ukafunguliwa na harufu ya udi ikanipokea. Watoto walikuwa wameketi ukutani, nyuso zinang'aa, nywele zimechanwa. Mmoja kichwa kilikuwa kinamwangukia kifuani, anakiinua, kinaanguka tena. Hakuna aliyenitazama. Hakuna aliyemtazama Mwende, na watoto huwatazama watoto.

"Wametulia sana hawa," nilisema.

"Nimewazoesha," akajibu, na akanionyesha picha zao kwenye simu.

Nilimwambia nitafikiria. Nikapanda ngazi tena, nikasukuma mlango, nikamweka Mwende sakafuni. Baadaye tulisikia kwamba mtoto mmoja wa chini alikimbizwa hospitali hawezi kuamka, kwa sababu ya dawa ya mafua anayonyweshwa bila mafua. Alipona, na yule dada akahama. Shosho hakusema, "Nilikuambia." Alikaa siku mbili hasimulii hadithi yoyote, na watoto wakamlilia Mrukaji bure.

Karatasi za Mwende zilitoka baada ya kuzungushwa sana, alipokuwa anakaribia umri wa shule. Nikampeleka mwenyewe nyumbani, nikamwacha kwa dada yangu Machakos, nikarudi kwa mkataba mpya, safari hii Jeddah, nyumba ya madam mmoja mwalimu wa chuo. Siku ya kuagana na Shosho hakulia. Alimnusa Mwende mdomo, akamwambia asome.

Dada yangu ni mtu wa kanisa, anapenda usafi. Kila nilipopiga simu alikuwa na jibu zuri. Mwende amelala. Mwende ameenda kwa jirani. Mwende anafanya homuwaki, usimsumbue. Na kila Jumapili alinitumia picha, Mwende na gauni nililotuma, amechanwa nywele, amesimama kando ya maua. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu. Nilikuwa najiambia kwamba sasa nimepumzika, na hilo lilikuwa kweli, nililala usingizi mzito ambao sikuwahi kuupata Riyadh.

Karibu miaka miwili ikapita hivyo. Kisha nikasikia Shosho amehamia Jeddah, macho yamemwishia kwa sukari, anakaa Baghdadiyah na mama mmoja wa Kizanzibari anayekaanga bajia za kuuza. Siku yangu ya mapumziko nikaenda. Nilipofika mlangoni mkono wenyewe ulisukuma.

Yule Mzanzibari alikuwa na sufuria mkononi, nusura aimwage. "He! Mtu aingia tu kama kwake? Hata hodi hamna?"

"Mwache," Shosho akasema kutoka kitandani. "Huyo ni wangu. Ni yupi?"

"Mama Mwende."

Alinyoosha mkono, nikaja nikakaa. Alikuwa amekonda, na soksi nyeupe za kiume alizovaa zimekuwa kubwa miguuni. Mwenyeji wake akatuletea chai, akarudi kwenye mafuta yake huku ananung'unika kwamba watu wa bara hawana ustaarabu. Tulicheka kidogo. Kisha Shosho akauliza Mwende yuko wapi.

Nikamweleza. Nikamsifia dada. Nikamwambia kuhusu picha, nikasahau kwamba haoni, nikatoa simu.

"Nieleze," alisema.

Nikamweleza gauni, maua, viatu.

"Na yeye mwenyewe? Picha inamtoa ukungu?"

Nilitazama. Nikapekua ya wiki iliyopita, na ya kabla yake, nikarudi nyuma, picha baada ya picha. Mwende wangu, ambaye hakuwahi kushinda ule mchezo, alikuwa amesimama wima katika zote, mikono kando, uso mmoja.

"Ametulia, Shosho," nilisema.

Bajia zilikuwa zinachemka upande wa pili.

"Nilikuwa na mvulana," alisema. "Nilimweka kwa shemeji yangu, Eastleigh, ili nifanye kazi kwa yule mjane. Kila Jumapili nilienda kumwona. Nilisimama mlangoni, nikapiga hodi, kwa sababu mama yangu alinilea vizuri. Nao wakasema karibu, ngoja kidogo. Nikangoja. Kila Jumapili nilimkuta ameoshwa, amevishwa, amekaa ametulia. Nikarudi kazini nafurahi." Akapapasa kikombe, nikamshikisha. "Na unajua nilikuwa namsomea yule mama kitabu gani wakati huo? Hicho hicho. Cha walezi wa London. Nasoma huku nalia kwa ajili ya watoto wa Waingereza. Mjane akanipa leso yake."

Sikumuuliza mvulana alikufaje. Hakuniambia jina lake pia. Nililia mimi, yeye hakulia, alikuwa ananipapasa mgongo kana kwamba ndiye aliyekuja kunitembelea.

Jioni ile nilimwambia madam kwamba lazima niende nyumbani. Alisema tungoje likizo za chuo. Nikamwambia, "Madam, ni binti yangu," nikamwonyesha picha moja baada ya nyingine, bila kueleza. Naye ana binti. Alizitazama, akarudia kuzitazama, akasema halas, basi, nenda. Siku ya safari alinipeleka uwanja wa ndege yeye mwenyewe, miwani ya jua usoni, anaendesha kwa kasi kuliko nilivyopenda. Sikumpigia dada.

Nilifika Machakos siku ya shule, asubuhi, jua limeshapanda. Nikashuka barabarani na mkoba mmoja. Langoni mdomo wangu ulifunguka wenyewe useme hodi, nikaufunga. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Mwende alikuwa ameinama juu ya karai la nguo. Zilikuwa sare za binamu zake, wao wako shuleni. Gauni nililotuma sikuliona, alikuwa amevaa fulana ya mtu mzima iliyotoboka, na mikono yake hadi viwiko ilikuwa imechubuka kwa sabuni. Aliniona. Hakunikimbilia. Alisimama wima, akashusha mikono kando, akatulia, kama anayesubiri kupigwa picha.

Dada alitokea mlango wa jikoni anafuta mikono. "Mbona hukusema unakuja?" aliniuliza. "Ningejitayarisha."

Sikumjibu. Nilipiga magoti kwenye matope ya sabuni, nikamvua mtoto ile fulana, nikamgeuza kila upande, nikasema kwa sauti kila alama niliyoiona, na dada akisikia. Kisha nikamnusa mdomo. Ulikuwa na harufu ya njaa. Tuliondoka saa ile ile.

Nilimpigia Shosho tukiwa tumepanga chumba Athi River. Aliuliza kama nimefika, nikasema nimefika.

"Ulipiga hodi?"

"Sikupiga."

"Na yeye yuko vipi?"

"Ametulia, Shosho. Anakaa pale unapomweka. Hata chakula haombi."

Nilisikia akihema. "Basi usirudi huku," alisema, "mpaka avunje kitu."

Ilichukua miezi. Alikuwa anaosha vyombo, nimemkataza lakini anaosha, akaanza kuimba kitu cha shuleni na kuruka kwa mguu mmoja, na kikombe kikamponyoka. Aliganda, mikono kando, ananitazama. Mimi nilikuwa nimeshashika simu. Nilimpigia Shosho hapo hapo, vigae bado viko sakafuni, nikamwambia asikilize, nikamwomba Mwende aendelee kuruka.